Jinsi ya kuitumia hazina ya sanaa ya taifa: mwongozo kwa anayeanzia Nairobi

Mtu anayefika Nairobi akauliza iliko nyumba ya sanaa ya taifa hupewa majibu matatu au manne tofauti, na yote huwa na ukweli ndani yake. Mmoja atamwelekeza Museum Hill, kwenye Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi. Wa pili atamtuma kwenye jengo dogo la mawe lililo kando ya Nyayo House. Wa tatu atamwonyesha Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka iliyoko Moi Avenue, ambayo wakaazi wengi wa jiji huijua kama mahali pa kukutania tu. Zimbabwe ina jumba lake la sanaa la taifa mjini Harare tangu mwaka 1957, lililojengwa kwa ajili ya kazi hiyo. Kenya haikufuata njia hiyo. Hazina yake ya sanaa imegawanyika katika nyumba kadhaa zenye wasimamizi tofauti na historia tofauti, kwa hiyo anayetaka kuitumia inambidi ajue kwanza kila mlango unafungua nini.

Mwongozo huu unamlenga mwalimu anayepanga kupeleka darasa, mwanafunzi wa sanaa, msanii anayejiuliza kazi zake zitabaki wapi, na familia iliyo na michoro au vinyago na haijui ivifanyie nini. Wote nawashauri waingie wakiwa na wazo moja: kinachoifanya picha au sanamu kuwa mali ya taifa ni kumbukumbu zilizoandikwa juu yake zaidi ya ukuta ilipotundikwa. Nani aliitengeneza, ilitoka wapi, ilinunuliwa au ilitolewa na nani, kwa masharti gani, na leo iko katika chumba gani? Nyumba inayoweza kujibu maswali hayo kwa maandishi ina mchango katika utamaduni wa nchi hata kama kuta zake zimechakaa. Nyumba isiyoweza kuyajibu ni ukumbi wa maonyesho tu, na ukumbi wa maonyesho hauhitaji jina la taifa.

Kabla ya kutoka nyumbani

Thibitisha saa za kufungua na viwango vya kiingilio siku chache kabla, kwa sababu hubadilika, na bei ya raia, ya mkaazi wa Afrika Mashariki na ya mgeni wa mbali si moja. Chukua kitambulisho. Kwa shule, andika barua mapema ukitaja idadi ya wanafunzi, kidato au gredi yao na mada wanayosoma. Barua ya namna hiyo humpa mwelekezi nafasi ya kujiandaa, badala ya kulikariria darasa maelezo yale yale anayompa kila mgeni.

Wanafunzi wabebe penseli na daftari. Kalamu ya wino ina hatari yake: doa la wino kwenye turubai halitoki, na ndiyo maana nyumba nyingi za sanaa huipendelea penseli. Waelezwe pia sababu ya kukatazwa kugusa, maana mtoto aliyepewa sababu hutii kwa urahisi zaidi: jasho na mafuta ya vidole hubaki kwenye mbao, kwenye chuma na kwenye rangi, na athari yake huonekana baada ya miaka, wakati aliyegusa amekwisha kusahau.

Usipange kuona kila kitu. Chagua kazi tano au sita. Darasa lililopitishwa mbio mbele ya vitu mia moja hurudi na uchovu na picha za simu.

Museum Hill: soma nyumba kwanza, kisha vilivyomo

Makumbusho ya Nairobi hayakuzaliwa kwa ajili ya sanaa. Yalianzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, yaani walowezi na maofisa wa serikali ya kikoloni waliohitaji mahali pa kuweka ndege, wadudu na mimea waliyokuwa wakiikusanya. Jengo la Museum Hill lilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon, gavana aliyekuwa amefariki miaka michache kabla, na baada ya uhuru likawa makumbusho ya taifa. Mwaka 2005 lilifungwa kwa ukarabati mkubwa uliochukua takriban miaka miwili. Ukiijua asili hiyo hutashangaa kuona jinsi ndege, visukuku vya binadamu wa kale na mifupa ya wanyama vilivyopata nafasi ya heshima tangu mwanzo, huku mchoro na sanamu vikija baadaye, kama mgeni aliyekuta viti vyote vimekaliwa.

Katika ukumbi mkuu utakuta vibuyu vya jamii mbalimbali za Kenya vimepangwa pamoja. Simama hapo kwanza na uwaulize wanafunzi: nani alikitengeneza kibuyu hiki? Mara nyingi jibu linalopatikana ni jina la jamii, wala si la mtu. Halafu wapeleke mbele ya mchoro wowote wa turubai, na hapo watakuta jina la mchoraji. Kwa nini kimoja kina mwenyewe na kingine kina kabila tu? Aliyekichonga kibuyu, akakifukiza moshi, akakitia nakshi za shanga au za kisu, naye alikuwa mtu mwenye jina, mkono wake ukitambulika na majirani zake. Waliokusanya vitu wakati wa ukoloni hawakuliuliza jina hilo, kwa sababu machoni pao kibuyu kilikuwa ushahidi wa desturi, na mchoro ndio uliokuwa sanaa. Mpaka huo bado umo ndani ya makumbusho mengi ya Afrika, na kwa maoni yangu somo hili moja linatosha kuhalalisha nauli ya basi.

Somo la pili ni michoro ya Joy Adamson. Wengi humjua kwa ajili ya Elsa, simba jike aliyemlea na kumwandikia kitabu, lakini kabla ya hapo alikuwa mchoraji. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa jamii mbalimbali za Kenya katika mavazi na mapambo ya asili, ambayo iliaminika kwamba yanatoweka, naye akatengeneza picha zaidi ya 500. Sehemu ya picha hizo ni za Makumbusho ya Kitaifa. Ni kazi yenye manufaa makubwa, kwa kuwa mshona shanga wa leo anaweza kuhesabu duru za mkufu au kuona jinsi ngozi ilivyokatwa. Ni kazi yenye utata vilevile, kwa kuwa mtu anayechorwa amewekwa pale kama mfano wa watu wake. Tafuta kwenye kibandiko iwapo jina lake limeandikwa. Kisha muulize mwelekezi kama iko familia iliyowahi kuja kumtambua babu au bibi yake katika picha hizi, na kama liko daftari ambamo habari ya namna hiyo huandikwa. Swali hilo lina uzito kuliko la kutaka kujua picha ina thamani ya pesa ngapi.

Namna ya kutazama kazi moja

Tenga dakika kumi kwa kazi moja, na dakika mbili za mwanzo zipite bila mtu kusema neno. Soma kibandiko mwishoni. Anza kwa mbali, mahali ambapo kazi nzima inaenea machoni; kisha sogea karibu uone mkono ulivyopita, kama rangi ni nzito au nyepesi, kama jiwe limesuguliwa au limeachwa na alama za patasi; kisha simama upande, kwa kuwa mwanga wa pembeni hufichua mengi ambayo anayesimama mbele hayaoni. Sanamu izungukwe. Wachongaji wa Kisii wanaotumia jiwe laini la Tabaka hufanya kazi pande zote, na anayetazama mbele tu amepata robo ya kilichofanywa.

Baada ya hapo eleza kwa sauti unachokiona kabla ya kusema unachokihisi. Wanafunzi waruhusiwe kueleza kwa lugha ya nyumbani. Mtoto wa Kiturkana au wa Kigiriama huenda akawa na majina sita ya rangi za ng'ombe au ya aina za kusuka, ambayo hana njia ya kuyasema kwa Kiingereza cha darasani, na ukimzuia umepoteza nusu ya maarifa aliyokuja nayo. Maana ya kazi iwe ya mwisho. Mwelekezi mzuri husita kidogo kabla ya kutoa maana. Anayeitoa upesi sana mara nyingi anarudia alichokariri.

Majengo mawili na mtu mmoja

Kutoka Museum Hill shuka mjini hadi makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Jengo la mawe lililopo hapo lilijengwa mwaka 1913 na lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambapo vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa. Umbali wa kwenda miji mingine ulihesabiwa kuanzia hapo. Leo linaitwa Nairobi Gallery, nalo lina mkusanyiko wa Joseph Murumbi. Ukitoka hapo, tembea hadi Moi Avenue kwenye Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, iliyo katika jengo la zamani la benki, ambako ghorofa ya chini kuna sehemu nyingine ya mkusanyiko wa mtu huyo huyo: vinyago, vitambaa, mapambo, silaha, samani na michoro kutoka pande nyingi za Afrika. Anayefika kwenye jengo moja tu hajauona mkusanyiko, kwa hiyo panga siku moja kwa yote mawili.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine, baba akiwa Mgoa na mama Mmaasai. Alisoma India, akawa mpigania uhuru aliyeishi miaka mingi uhamishoni Uingereza, akawa waziri wa mambo ya nje wa Kenya huru, na mwaka 1966 akashika wadhifa wa makamu wa rais kwa miezi michache kabla ya kuachana na siasa. Miaka yote hiyo alikuwa akikusanya: vitabu kwa maelfu, stempu za nchi za Afrika, nyaraka na kazi za sanaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, duka na ukumbi wa sanaa ambapo wasanii wengi wa Afrika Mashariki na Magharibi walionyesha kazi zao Nairobi.

Mwishoni mwa muongo huo Murumbi aliiuzia serikali ya Kenya mkusanyiko wake pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, akiwa amewakatalia wanunuzi wa nje ambao wangemlipa zaidi. Nia yake ilikuwa nyumba hiyo igeuzwe kituo cha masomo ya Afrika, vitabu na sanaa vikae pamoja, watafiti waje. Vitabu na vitu vilihamishiwa Hifadhi ya Nyaraka. Nyumba haikuwa kituo: iliachwa ikaharibika, ardhi yake ikagawiwa, na hatimaye ikabomolewa. Murumbi alifariki mwaka 1990. Amezikwa City Park, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mpigania uhuru, na pembeni pameandaliwa bustani ya kumbukumbu yenye sanamu za wachongaji wa Afrika Mashariki, akiwemo Elkana Ong'esa wa Kisii na Francis Nnaggenda wa Uganda. Ukipata nafasi nenda huko pia. Ni bure, na kwa mchongaji anayejifunza kuna faida ya kuona jinsi jiwe na chuma vinavyostahimili mvua.

Nimekaa kwa kirefu kwenye habari hii kwa sababu inaonyesha mambo mawili kwa pamoja. Serikali iliponunua, vitu vilibaki nchini na leo mwanafunzi wa Nairobi anaviona kwa kiingilio kidogo. Hiyo ni kazi ya taasisi ya taifa na imefanyika. Lakini ahadi iliyohusu nyumba haikushikamana na vitu, na mkusanyiko uliokuwa wazo moja la mtu mmoja ukatawanywa katika majengo mawili.

Kama unataka kutoa au kukopesha kazi za sanaa

Familia nyingi zina kitu: mchoro ulioachwa na mjomba aliyesoma Makerere, kinyago cha Kimakonde kilichonunuliwa Dar es Salaam miaka ya 1960, kiti cha enzi kutoka Lamu. Wakati mzuri wa kufikiria hatima yake ni mwenyewe akiwa hai na akiwa na akili timamu, kwa sababu mgogoro wa urithi hukaa mahakamani muda mrefu kuliko turubai linavyoweza kustahimili unyevu wa stoo.

Anza na orodha. Kila kitu kipewe namba, kipimwe urefu na upana kwa sentimita, kipigwe picha mbele, nyuma na kwenye saini, kisha pembeni paandikwe kila linalojulikana kukihusu: kilinunuliwa wapi, kwa nani, mwaka gani, na stakabadhi kama ipo. Usisafishe chochote. Uchafu wa juu unaweza kuondolewa na mtaalamu baadaye, lakini vanishi iliyofutwa kwa sabuni na rangi iliyong'oka havirudi.

Ukishakuwa na orodha, iandikie taasisi unayoikusudia na uombe kukutana na mhifadhi anayehusika. Taasisi makini haipokei kila kitu, na kukataliwa si dharau. Huenda tayari inazo kazi kumi za mchoraji yule yule na haina rafu ya kuziweka. Ikikubali, sisitiza mkataba wa maandishi. Mkataba useme kama ni zawadi, mauzo au mkopo. Kama ni mkopo, utakwisha lini na nani atagharimia bima. Useme kazi zitawekwa katika jengo gani, na nini kitatokea jengo hilo likibadilishiwa matumizi au kubomolewa. Useme kama mkusanyiko unaweza kugawanywa. Useme nani anamiliki haki ya kunakili picha kwenye vitabu, kadi na fulana, kwa kuwa kummilikisha mtu turubai hakumpi haki ya kulichapisha. Nakala moja ibaki kwa familia na nyingine kwa wakili. Ikiwa unauza ardhi au nyumba pamoja na sanaa, kama alivyofanya Murumbi, nakushauri mambo hayo mawili yafungwe katika masharti mamoja, lisitimizwe moja na jingine likaachwa.

Msanii aliye hai naye ana lake la kufanya. Taasisi za Kenya hazijawahi kuwa na mfuko mkubwa wa kununua sanaa, na kazi nyingi nzuri zimeondoka nchini zikiwa mikononi mwa watalii na wanadiplomasia. Weka rejesta yako mwenyewe ya kila kazi uliyouza, pamoja na jina la mnunuzi na nchi aliyokwenda, kwa sababu siku makumbusho yatakapotaka kuandaa maonyesho ya kazi zako za maisha, rejesta hiyo ndiyo itakayoanzishia kazi.

Vilivyofichwa na vilivyo nje ya kuta

Makumbusho yoyote huonyesha sehemu ndogo ya mali yake. Nyingine iko ghalani. Raia ana haki ya kuuliza kilichomo, ingawa hawezi kuingia tu. Mwanafunzi wa chuo aandike barua inayotaja jina la mchoraji au aina ya kitu, lengo la utafiti, jina la msimamizi wake na siku anazopendekeza, na aambatishe kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, pale kinapohitajika. Omba kuona kadi ya usajili pamoja na kitu chenyewe. Kadi hiyo mara nyingi husema yale ambayo kibandiko cha ukumbini kimeyafupisha mno: jina la aliyekikusanya, mahali, tarehe, na wakati mwingine bei.

Ujue pia kwamba sehemu kubwa ya historia ya sanaa ya Kenya ilifanyika nje ya taasisi za serikali. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu nchini Tanganyika mwaka 1932 na kusomea Makerere, alichora ukutani katika kanisa la kumbukumbu la Murang'a picha tano za maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa, watu wakiwa Waafrika na milima ikiwa ya nchi ya Wakikuyu. Kazi hiyo ya mwaka 1959 huwezi kuihamishia Nairobi, inabidi uifuate. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi, ambayo moto uliiunguza mwaka 1997 na kazi nyingi zikateketea. Kuona Trust ilianza mwaka 1995 ndani ya viwanja vya makumbusho yenyewe, ikiwapa wasanii vijana mahali pa kufanyia kazi, kabla ya kuhamia kwingine. Taasisi ya sanaa ya kisasa iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage mwaka 2020, Nairobi Contemporary Art Institute (NCAI), imekuwa ikifanya kazi ambayo wengi wangeitarajia kutoka kwa jumba la taifa, ya kuwapa wachoraji wakongwe maonyesho yanayopitia kazi zao za miaka mingi. Ziara isiyozigusa nyumba kama hizi itakuachia picha pungufu.

Kumbukumbu kama kinga dhidi ya wizi

Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao zinazosimamishwa kwa ajili ya wazee waliofariki wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, viliibwa kwa wingi na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, na vingi vikafika Marekani. Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee wa Kimijikenda akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Picha hiyo ndiyo iliyosaidia kuvitambua miaka mingi baadaye katika taasisi mbili za Marekani, na vyote viwili vikarudishwa. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirejesha vingine 30. Tanzania ina mfano wake: kinyago cha Kimakonde kilichoibwa katika Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam mwaka 1984 kilionekana katika makumbusho ya binafsi mjini Geneva, na kikarudi mwaka 2010 baada ya mazungumzo ya miaka mingi. Madai ya namna hiyo hushinda au hushindwa kwa karatasi na picha.

Mradi wa International Inventories Programme, ulioanza mwaka 2018 kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, wasanii wa Nairobi na makumbusho mawili ya Ujerumani, ulikusanya taarifa za vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi za Ulaya na Marekani. Ukitoka katika jamii ambayo vitu vyake vilichukuliwa, tafuta orodha hiyo, wasomee wazee, na andika wanachokitambua: jina la kitu, matumizi, nani aliruhusiwa kukishika. Nyumbani fanya hivyo hivyo kwa vitu vilivyobaki. Simu yoyote yenye kamera inatosha. La msingi ni kuweka rula kando ya kitu ili ukubwa uonekane, na kuandika mahali na tarehe siku ile ile.

Nani husema kwa niaba ya taifa

Kuna kazi moja ya makumbusho ya sanaa ambayo watu hawaioni mpaka ikosekane, nayo ni kuamua, kwa utaratibu unaoweza kuhojiwa, nani anaiwakilisha nchi. Mwaka 2013, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, banda la Kenya lilijaa wasanii wa China na Italia, Wakenya wakiwa wachache. Mwaka 2015 ilitangazwa orodha nyingine yenye wasanii wengi wa China. Wasanii wa Nairobi walipiga kelele, na serikali ikalikana banda hilo. Mwaka 2017 ndipo wasanii wa Kenya walipolijaza banda la nchi yao. Kama kungekuwa na jopo la wahifadhi wa taifa lenye mamlaka ya kuchagua na wajibu wa kutangaza vigezo vyake, nadhani jina la Kenya lisingetumiwa kirahisi namna ile. Unaposikia nchi inapelekwa kwenye maonyesho ya nje, uliza mapema nani amechagua, kwa tangazo gani, na mwisho wa kutuma maombi ulikuwa lini.

Katiba ya mwaka 2010 inautambua utamaduni, katika kifungu cha 11, kuwa msingi wa taifa. Jedwali la nne limewapa magatuzi jukumu la makumbusho ya ngazi ya kaunti, na minara na majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yakabaki kwa serikali ya kitaifa. Maana yake kwa mwananchi ni kwamba fedha za kituo cha sanaa cha Kisumu au cha Kilifi hujadiliwa katika kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya kupitishwa, wananchi huitwa kutoa maoni. Nenda na maombi yaliyoandikwa, ukurasa mmoja, yenye kiasi cha fedha na sababu. Mwezi wa Aprili ni kuchelewa kuanzisha jambo jipya. Anayetaka kituo kipya aanze na mpango wa Septemba.

Ukipewa nafasi ya kuuliza, acha maswali ya jumla kuhusu umuhimu wa sanaa, ambayo kila ofisa ana jibu lake tamu. Uliza kituo kina vitu vingapi katika rejesta, mara ya mwisho vilihesabiwa lini na nani, vingapi vina picha, ghala lina kizima moto na kipimo cha unyevu au halina, na kama nakala ya rejesta imehifadhiwa katika jengo jingine. Ofisa asiye na majibu siku hiyo aombwe ayalete kwa maandishi, na barua ya kuyaomba ipigwe muhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka ofisini kwake.